Mchanga, Majivu na Bunduki ya Papa Litoko

Alhamisi iliyopita tulimzika Papa Bosenge, na tuliporudi kutoka makaburini, katika uwanja wa nyumba yake mtaani Mangobo, mtu mzima mwenye suti na mvi alishika kipaza sauti akasema uongo, watu wakampigia makofi. Nilikuwa mstari wa tatu, nimekalia kiti cha plastiki, sahani ya lituma, zile ndizi zilizopondwa, magotini. Mtu huyo siku hizi anaitwa Honorable, yaani Mheshimiwa. Jina lake silitaji, kwa sababu yeye ana mawakili na mimi nina mashine ya kuandikia tu; nitamwita Mkurugenzi, kama tulivyomwita mwaka ule tulipofanya kazi chini yake. Alianza kwa kumsifu marehemu kwamba alikuwa fundi wa silaha asiye na mwenzake katika mji mzima, na hilo ni kweli tupu. Kisha akapandisha sauti. "Bandugu, mimi na Papa Bosenge, sisi wawili, njo tulisoma ile bunduki ya mzee wa Yanonge. Batu walisema iko ya waasi. Sisi tukasema non! Tukatafuta alama, tukaona iko ya wakati ya Babelgiji, tukaachilia mutu maskini, akarudi kwake. Ata leo ile bunduki iko mu salon yangu, souvenir ya ile kazi." Makofi yakalia, kinamama wakapiga vigelegele vya kilio, na mjane wa Papa Bosenge akainamisha kichwa kushukuru. Sisi wawili, anasema! Bila haya wala soni, mbele ya mjane wa mtu ambaye udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mbichi. Niliiweka sahani chini ya kiti, nikaanza kuinuka bila kujua nitasema nini, na hapo hapo mkono mkavu ukanishika bega kutoka nyuma. Nitafika kwenye mkono huo. Kwanza niueleze mwaka wenyewe, maana katika ofisi ile hakuna mwingine aliyebaki wa kuueleza kama ulivyokuwa.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule ambao majeshi mawili ya kigeni yalipigana mjini mwetu kana kwamba nyumba zetu zilikuwa uwanja wao wa mazoezi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naandika kwa mashine kwa vidole vyote kumi bila kutazama, na hiyo peke yake ilitosha kunipatia kazi katika tume ya kukusanya silaha. Ofisi ilikuwa ghala la zamani la kahawa, mtaa wa Makiso, karibu na bandari ya mto. Kahawa ilikuwa imeondoka miaka mingi lakini harufu yake haikuondoka. Jua likipasha mabati ilipanda kutoka sakafuni. Ghala liligawanywa kwa ukuta mwembamba wa mbao za triplai. Upande mmoja alikaa Mkurugenzi na feni yake, upande wa pili tulikaa mimi na mashine yangu, na Papa Bosenge na meza yake ndefu. Mashine ilikuwa na ugonjwa wake: herufi "e" iliruka juu ya mstari kila ilipogongwa, nami nilikuwa nimechoka kuirekebisha. Kila karatasi niliyoandika nilimalizia pembeni chini kwa herufi mbili ndogo, "ck", Célestine Kahindo, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni: mwandishi wa mashine aache alama yake, ili kosa likionekana ajulikane aliyelifanya. Nilizipenda herufi zile mbili. Nilijiona mtu.

Papa Bosenge alikuwa mstaafu wa jeshi, fundi wa silaha tangu ujana, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Silaha zilikuja kwa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, kwa mitumbwi, nyingine zimefungwa katikati ya mafungu ya pondu, yale majani ya muhogo, na zote zilipita mikononi mwake. Saa sita mke wake alituletea chakula, mara lituma, mara samaki wa liboke katika majani yake, naye alisukuma parafujo na makopo ya mafuta kando tukala pale pale mezani. Alikuwa akila na kuniuliza. "Mwana, hii imetoka wapi?" Mimi nabahatisha. "Mbaya. Usitazame mbao, mbao inabadilishwa. Tazama chuma. Chuma ilizaliwa fasi moja tu." Alinionyesha kwamba kila kiwanda kinagonga jina lake, kwamba mkaguzi anagonga herufi yake baada ya kujaribu mtutu, kwamba jeshi linaloinunua linagonga chapa yake, na kwamba namba ya mtutu na namba ya bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, zikifanana, basi bunduki hiyo haijawahi kufumuliwa na kuunganishwa upya. Baada ya miezi mitatu niliweza kutambua bunduki za nchi tano kwa kugusa tu, na nilijigamba kwa wenzangu wa kwaya mpaka wakanichoka. Ilikuwa kazi ya furaha, nakiri. Tulidhani tunasaidia watu.

Kwenye redio tume ilikuwa imetangaza, tena kwa lugha mbili, kwamba atakayeleta silaha kwa hiari yake hataulizwa kitu. Tangazo hilo niliandika mimi. Papa Litoko alilisikia huko Yanonge, akaliamini. Alikuwa mvuvi wa mtoni, mrefu, wa makamo, na alikuja na mke wake, Mama Bolumbu, kwa mtumbwi wa kupiga kasia, siku nzima majini. Walivaa kama wanaokwenda misa. Yeye alibeba kitu kirefu kilichofungwa katika kitenge kipya, akakilaza juu ya meza ya Papa Bosenge kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja. "Papa yangu alikuwa askari ya Babelgiji," alisema. "Wakati ya mavurugu ya indépendance alirudi nayo ku nyumba, akaitia mu paa, juu ya moshi. Alisema tusiiguse. Haikupiga mutu. Sasa serikali inaomba, bon, nimeleta." Papa Bosenge akafungua kitenge. Bunduki iling'aa. Sijawahi kuona bunduki nyeupe kiasi kile. Iling'aa kama sufuria la harusi, kuanzia mdomo wa mtutu hadi kwenye bolti, na mbao yake ilipakwa mafuta ya mawese. Mama Bolumbu alikuwa akitabasamu. "Ilikuwa na kutu na masizi mingi, Papa," alisema. "Nikasema, tutaleta uchafu ile ku bureau? Nikaisugua na muchanga ya mto na majivu, siku mbili. Ata mikono ilitoka ngozi." Akaonyesha viganja.

Kwetu hakuna mwanamke atakayepeleka chombo kichafu kwa mwenyeji, wala kurudisha sufuria la jirani bila kulisugua, ni fedheha. Mama Bolumbu alifanya alichofundishwa na mama yake. Lakini niliuona uso wa Papa Bosenge ukibadilika. Aliinamisha bunduki kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba pale mtutu unapoanzia, mahali ambapo chapa zinatakiwa kuwa, na kidole kilipita pasipo kukwama. Kutu ilikuwa imekula sehemu, mchanga ukamalizia. Kabla hajasema neno, Mkurugenzi alitoka nyuma ya triplai, amevutwa na ule mng'aro. Akaigeuza mara moja. "Alama iko wapi?" Papa Litoko akaeleza tena, baba yake, paa, moshi. "Nimeuliza alama. Bunduki yenye kufutwa alama iko ya mutu anaficha fasi ilitoka. Mulipewa na nani mu pori?" Mama Bolumbu akasogea mbele. "Ni mimi, chef. Ni mimi nilisugua." Mkurugenzi hakumtazama hata kidogo. Aliita askari wawili waliokuwa wakicheza dama mlangoni, nao wakamkamata Papa Litoko pale pale, mbele ya tangazo letu lililobandikwa ukutani, lenye maneno "atakayeleta silaha hataulizwa kitu", kila "e" yake imeruka juu ya mstari.

Nikaambiwa niandike. Niliandika. Mkurugenzi alitembea huku na huku akinitajia, nami nikagonga: kwamba alama zimefutwa kwa tupa, kwa makusudi, kwamba mshukiwa anashindwa kueleza chanzo cha silaha, kwamba kuna kila sababu ya kuamini ni ya waasi. Siku iliyofuata nikamsikia kwenye redio akitangaza kwamba tume imemnasa mpitisha silaha wa mtoni. Sauti yake ilikuwa tamu, imejaa asali. Baadaye, kupitia ule ukuta mwembamba, nilimsikia akimwambia mgeni wake: "Wafadhili wanataka kuona matokeo. Wavuvi wanaleta vyuma vya makumbusho, nitawaonyesha nini? Huyu angalau anapendeza kwenye picha." Wakacheka wote wawili, glasi zikagongana. Nilikaa na mikono juu ya mashine, damu inanichemka, na sikufanya lolote. Ni rahisi leo kuandika kwamba damu ilinichemka. Wakati ule ilichemka ikapoa, nikaendelea na barua iliyofuata.

Mama Bolumbu hakurudi Yanonge. Alipata pa kulala kwa dada wa ukoo wao karibu na soko, na kila asubuhi alikuja kukaa kwenye ngazi za ghala na kifuko cha unga wa mihogo, kisha mchana akaenda kumpikia mumewe fufu na kumpelekea gerezani. Alikonda mbele ya macho yetu. Hakulia. Aliitazama mikono yake, akaikunja, akaikunjua. Siku moja aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Mwana, kama nisingesugua, angekuwa ku nyumba?" Nilimjibu kwamba sijui, ingawa nilijua. Papa Bosenge alikuwa amenisikia. Alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena. "Huyu mama hatabeba hii," alisema. "Kesho, wakati Directeur iko ku chakula yake, tutafungua ile bunduki."

Mkurugenzi alikula mjini kila siku, na alikula polepole. Tulikuwa na saa mbili. Papa Bosenge aliweka kiti changu dirishani, akalaza bunduki juu ya gunia, na kabla ya kuifungua alinipa lenzi. "Tazama juu kwanza. Unaona nini?" Nikaona mikwaruzo. "Ya namna gani?" Nikatazama vizuri. Ilikuwa mizunguko, midogo midogo, inapandana, kama ile iliyo chini ya kila sufuria nililowahi kuosha. "Tupa inaacha mistari, mwana. Tupa inakwenda na kurudi. Ile ni mukono ya mama mwenye kusafisha. Andika." Nikaandika. Kisha akachukua bisibisi, akalegeza parafujo mbili zilizogoma, akazitia mafuta, akasubiri, akazipiga kidogo kwa nyundo ya mbao, na mbao ikaachana na chuma kwa mlio mdogo. Ndani kulikuwa na moshi wa miaka yote ile, mweusi, mzito, unanata. Mchanga wa Mama Bolumbu haukufika huko. Papa Bosenge alifuta ule weusi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na chini yake kulikuwa na mabonde madogo ambayo jicho halikuweza kuyasoma. "Kama ningekuwa na chaki," akasema. Tulikuwa hatuna chaki. Nikatoka hadi kwenye ngazi, nikamwambia Mama Bolumbu aingie na unga wake.

Alisimama mlangoni, hakutaka kukanyaga ndani. Alidhani tunamwita kumsomea kosa lake. Papa Bosenge akamwambia, kwa adabu kubwa, "Mama, tia ule mukono yako mu unga. Paka apa. Polepole, usisugue. Paka tu." Mama Bolumbu akachota unga kwa ncha za vidole, akapaka chuma kilekile alichokitesa siku mbili. Papa Bosenge akapuliza. Na herufi zikatoka, nyeupe juu ya cheusi, moja baada ya nyingine, wazi kama ubao wa darasani: jina la mji wa Ubelgiji kilipo kiwanda, herufi ya mkaguzi yenye nyota ndogo juu yake, F na P za jeshi la wakoloni, na namba yenye tarakimu tano. Akapaka unga kwenye bolti, chini, mahali palipojificha. Namba ileile. Bunduki ilikuwa nzima, haijabadilishwa hata kipande, na ilitoka kiwandani Papa Litoko akiwa bado hajazaliwa. Tuliweka karatasi juu ya namba, nikapitisha ncha ya penseli kwa ubavu mpaka ikachapika. Papa Bosenge alinitajia kurasa mbili, neno kwa neno, bila kusitasita, na mwishoni akasema: "Andika: chuma haina kosa, mutu haina kosa, na bibi yake haina kosa." Nikamwambia lugha ya ofisi hairuhusu hivyo. "Andika," akasema. Mama Bolumbu alikuwa amekaa chini sakafuni, mikono yake miwili myeupe kwa unga, na machozi yalimtoka kwa mara ya kwanza.

Mkurugenzi alizisoma kurasa zile mbili akiwa amesimama. Akasema, "Très bien, Papa Bosenge, kazi nzuri," akazitia kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. Wiki zikapita, kisha miezi. Papa Litoko aliendelea kukaa gerezani, akikohoa. Kila nilipouliza niliambiwa faili liko kwenye njia yake. Kisha siku moja, kwa kuwa wafadhili waliokuwa na shauku na jambo hilo walikuwa wameondoka na picha zao, Mkurugenzi akaniita na mashine yangu nyuma ya triplai nikachukue imla. Ilikuwa karatasi ya kuachiliwa, kwa Kifaransa. Niliandika mistari minne bila kushtuka. Mstari wa tano ulisema kwamba mshukiwa amekiri kufuta alama za silaha ya kivita, na kwamba tume, kwa kuzingatia umri wake na majuto yake, imemsamehe. Nikasimamisha vidole. Nikasema, "Directeur, ripoti ya Papa Bosenge inasema tofauti." Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetazama nzi kwenye chai. "Nikiandika haina kosa, nitaambia nini redio? Nitarudisha bunduki? Mlango iko pale, Célestine. Wasichana wenye kujua mashine iko wengi." Nikaandika mstari wa tano. Nikaandika wa sita. Pembeni chini, kwa mazoea, nikagonga "ck".

Papa Litoko aliletwa kusaini. Alikuwa amepungua nusu. Mkurugenzi akamwambia kwa furaha, "Papa, imeonekana hauna kosa! Tia kidole apa." Akatia kidole. Akauliza kuhusu bunduki ya baba yake, akaambiwa itabaki kwa uchunguzi. Hakubishana. Alinishika mimi mkono, akamshika Papa Bosenge mikono yote miwili, na Mama Bolumbu akaikunja ile karatasi ndani ya kitenge kilekile kilicholeta bunduki. Walishuka bandarini wameshikana. Papa Bosenge alikuwa akifuta lenzi yake. "Uliandika kama nilisema?" akaniuliza. Nikajibu, "Ndiyo, Papa." Kuhusu kurasa mbili nilisema kweli, kuhusu karatasi ile nilisema uongo, na nilijua ananiuliza karatasi ile. Aliniamini. Aliniamini miaka yote aliyobaki nayo, alikuja harusini kwangu, alinitumia samaki nilipojifungua, na Alhamisi amezikwa akiniamini. Nakala ya kaboni ya kurasa zake mbili, pamoja na ile karatasi ya penseli, nilizificha ndani ya kitabu changu cha nyimbo za kanisa. Nilijiambia kwamba kuzificha ni kufanya kitu. Uoga una visingizio vingi, na vyangu vilikuwa nadhifu, vimepigwa mashine.

Basi, mkono ule begani. Niligeuka nikamwona mzee mrefu aliyejikunja kama ndoana, kofia mkononi, na ilinichukua muda kumtambua. "Mwana Célestine," akasema. "Nilikuja na boti ya jana. Nilileta samaki ya kukauka ya kilio." Papa Litoko. Amesikia hotuba yote, na hakuwa na hasira hata chembe, alikuwa anang'aa. "Umesikia Honorable? Amesema mbele ya batu yote. Sasa mi ninaomba kitu moja." Akatoa mfukoni mfuko wa plastiki, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake karatasi iliyokatika kwenye mikunjo. "Kila barrière ya njia ninaonyesha hii. Askari wanasoma, wanacheka, wanasema, 'Mzee, ulisamehewa, wewe iko na bahati.' Ninawaambia hapana, mi nilionekana sina kosa, soma vizuri. Banacheka tena. Wewe njo uliandika. Somea batu, pa micro, basikie." Akakionyesha kipaza sauti, kisha akaongeza, akilainisha ile karatasi kwa kiganja: "Bolumbu alikuwa anaiweka chini ya muto. Wakati alikuwa mgonjwa sana aliniambia, soma tena. Mi sijue Kifaransa. Nilikuwa namwambia tu: inasema mikono yako haikufanya mubaya. Alikufa namna ile, na amani."

Niliichukua karatasi. Herufi "e" zilikuwa zinaruka juu ya mistari yote. Pembeni chini, iliyofifia lakini inasomeka, "ck". Ningeweza kusoma nilichotaka. Uwanja mzima ulikuwa hauoni karatasi, na yeye hajui Kifaransa, na mke wake ameshakwenda. Ningeweza kusema "hana kosa", nikapigiwa makofi kama mwenzangu wa suti, na mzee angerudi Yanonge na furaha yake. Nawaambia ukweli, nilikitamani kitendo hicho kwa hatua zote kumi hadi kwenye kipaza sauti. Lakini nilipofika pale niliiona picha ya Papa Bosenge juu ya meza, na miwani yake ya waya, na pembeni yake Mkurugenzi ameegemea kiti, soda mkononi, akitabasamu akisubiri asifiwe mara ya pili. Nikasoma. Kwanza Kifaransa, jinsi kilivyo, kisha Kiswahili, mstari kwa mstari: amekiri, kufuta, silaha ya kivita, majuto, tume imemsamehe. Niliposhusha karatasi hapakuwa na makofi. Mkurugenzi alikuwa ameshika simu sikioni, simu ambayo haikulia, na dereva wake anafungua mlango wa gari. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba mzee huyu hakukiri chochote, kwamba Papa Bosenge aliandika kwamba hana kosa, na kwamba bunduki iliyoko sebuleni, kwenye salon ya Honorable, ni ya watu. Sauti yangu ilipasuka. Sikujali. Gari lilikuwa tayari linarudi nyuma kuelekea barabarani.

Papa Litoko alikuja hadi mbele, taratibu. Hakumtafuta Mkurugenzi kwa macho. "Nani aliandika vile?" aliniuliza. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, watu wakasikia. Nikamgeuzia karatasi, nikamshika kidole chake cha shahada, kilekile kigumu cha mvuvi, nikakiweka pembeni chini, juu ya zile herufi mbili. "Tazama apa, Papa. Hii alama iko yangu." Sikuomba msamaha, neno hilo lilikuwa limeshachafuliwa na mstari wa tano. Kisha akasema, "Basi andika ingine."

Nimeiandika. Jumatatu nilitoa kurasa mbili za Papa Bosenge kutoka kwenye kitabu cha nyimbo, nikazinakili neno kwa neno, pamoja na yale maneno, chuma haina kosa, mutu haina kosa. Papa Litoko alikaa karibu na meza yangu akitazama, na alipoona nimemaliza aliomba niongeze jina la mke wake. Nikaongeza: alama za juu zilisuguliwa na Bolumbu, kwa mchanga wa mto na majivu, siku mbili, kwa heshima ya ofisi. Chini sikugonga herufi mbili. Nilitia jina langu zima. Nakala moja ameondoka nayo, imefunikwa plastiki. Nyingine nimezipeleka kwa padri wa parokia, redio, mahakamani, na moja nyumbani kwa Honorable, mikononi mwa mlinzi wake. Namba ya tarakimu tano ninaijua kwa kichwa na nimeiandika katika zote. Bunduki ile bado imetundikwa ukutani kwake, inang'aa kwa kazi ya Mama Bolumbu, na wageni wake wanaisifia. Mmoja wao aende na bisibisi, alegeze parafujo mbili za chini, na apake unga.